Re: Data za Ulysses, vumbi la nje nalijuaje?
Mambo mkuu. Umekwama na data za Ulysses, kile chombo cha anga kilicholizunguka jua na kupima vumbi, hujui punje ipi ya vumbi imetoka nje ya mfumo wa jua na ipi ya humu humu. Mimi nilipozishika nilianza na upande kigunduzi chake cha vumbi kilikokuwa kinaangalia, ukianza na uzito wa punje utapotea maana unaweza kukosea hata mara 10. Chukua data za baada ya Februari 1992, chombo kilipopita Jupita na kutoka kwenye bapa la sayari, ambako vumbi la humu humu ni jingi, halafu chuja punje zinazotokea upande uleule wa gesi ya heli inayoingia kutoka nje ya mfumo wa jua, kwa kasi ya kama kilomita 26 kwa sekunde. Ukimaliza cheki na data za Cassini, chombo kilichozunguka Zohali, kilinasa punje 36 tu za nje lakini kemikali zake zilipimwa, hapo ndo utamu ulipo.