Mbona Kasulu wanaanza kupanda kabla yetu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nalima mahindi Urambo, Tabora, shemeji yangu yuko Kasulu, Kigoma, kila mwaka Oktoba ananipigia simu ati keshapanda na huku kwetu bado vumbi tupu. Nikimfuata mbegu zinaoza. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba. Tatizo ni kumsikiliza shemeji! Wote mna msimu mmoja wa mvua ila hauanzi siku moja, ukanda wa mvua unashuka toka kaskazini ukilifuata jua, na unyevunyevu wa Kongo unafika Kigoma kwanza, halafu Kasulu ni milimani kwahiyo mawingu yanapanda yanapoa yanamwaga. Huko Oktoba mara nyingi tayari, Tabora subiri Novemba. Na ile mvua moja ya Oktoba inayokudanganya ni ya kutuliza vumbi tu, baada yake jua wiki mbili, mbegu kwaheri. Chimba kidogo, udongo ukiwa na maji mpaka chini na mvua imerudi tena ndo upande. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) nao wanatoa utabiri wa msimu kabla ya Novemba, usikilize redioni.