Ukiambiwa "ndio utamaduni wa chuo", uliza kwanza

Kila msimu wa udahili wadogo zangu huniuliza waende na nini Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Godoro, ndoo, eksitensheni, hayo mtaelezana wenyewe. Langu ni moja: mtu akikwambia "huu ndio utamaduni wa hapa", muulize utamaduni huo ulimuumiza nani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa kilimani. Kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 20. Kilimani kilipanda 1964. Hata maandamano tunayojisifia yalikuwa na bei: Oktoba 1966 wanafunzi waligomea masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yakiwamo makato ya mshahara, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400.

Lakini kulikuwa na mila ambayo wapya hawasimuliwi: Mzee Punch. Usiku karatasi ilibandikwa ukutani, yenye mchoro na matusi, aliyeandika hajulikani. Asubuhi watu walijazana wakisoma. Aliyechorwa, mara nyingi msichana, alitengwa, na aliyemsogelea naye alijitafutia balaa. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike aliyekuwa akiandamwa hivyo alijiua. Ndipo Punch ikapigwa marufuku.

Mimi nilikuja kuyajua haya nimeshachafua. Nikiwa mwaka wa pili, kwenye grupu la WhatsApp la kozi, mtu alitupia stika ya binti aliyebabaika akiwasilisha kazi yake ya semina. Nikaweka vikatuni vitatu vya kucheka. Wiki mbili binti hakuonekana. Aliporudi alikaa jirani na mlango, begi mapajani, kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata.

Likizo nikamsimulia shangazi, ambaye alisoma Mlimani miaka ya themanini. Nilitegemea acheke. Akanyamaza, kisha: "Kumbe Mzee Punch hakufa. Kanunua simu."

Kwa hiyo stika ikitua kwenye grupu, usikimbilie kuhubiri humo, utaongeza moto. Mwandikie mhusika pembeni, muulize kama amekula, kesho mkae benchi moja. Kukaa naye mbele za watu ndiko kunakovunja ule utengaji. Na kama ulishacheka, kaombe radhi kwa mdomo, si kwa meseji.

Yangu ilinichukua muhula mzima. Yule binti alinisikiliza hadi mwisho, akafunga zipu ya begi.

"Vilikuwa vitatu," akasema. "Nilihesabu."