Ndege "zimekosana" angani?

SWALI: Ninaandika habari za redio, na nyingi natafsiri. Juzi nilipata habari ya ndege mbili zilizokaribiana mno zikija kutua. Nikaandika: "Mgogoro wa ndege mbili angani: nusura ziligongana, abiria wote wanusurika katika ajali." Mhariri akaifuta yote bila kunieleza kosa. Mwenzangu akashauri niandike "ndege zakosana angani". Tuandikeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tuanze na huyo mwenzako. Najua alikotoka. Risasi ikimpita mtu tunasema amekoswa, na bodaboda ikipita karibu kabisa na goti lako unasema imekukosakosa, au umekoswakoswa. Tatizo ni hiyo -na aliyoibandika mwishoni. Waliokosana ni mke na mume, au majirani wanaogombea mpaka. Msikilizaji atakaa akingoja kusikia nani amewasuluhisha marubani.

Mgogoro nao ni ugonjwa uleule. Kwa Kiingereza, waongozaji ndege hutumia neno moja, conflict, linalobeba ugomvi wa watu na pia ndege mbili ambazo njia zao zinaelekea kukutana. Sisi hatukuyachanganya. Mgogoro kwetu una wenyewe: wa ardhi, wa ndoa, wa wakulima na wafugaji. Una madai na kinyongo ndani yake, na ndege hazina kinyongo. Kinachozungumzwa hapo ni umbali. Karibu na uwanja wenye rada, kwa kawaida ndege mbili hutakiwa kutengana maili 3 za baharini, yaani kilomita 5 na nusu hivi. Zikisogeleana zaidi ya hapo, moja iwe juu ya nyingine kwa futi 1,000, kama mita 300. Umbali huo ukivunjwa, sema hivyohivyo: ndege zilikaribiana kuliko inavyoruhusiwa. Ni maneno mengi kidogo, lakini hayadanganyi. Ndege zilizoachana kilomita 4 zinaweza kuwa zimevunja kanuni, na abiria aliye dirishani asione kitu.

Sasa nusura. Neno hili ni ndugu wa nusuru na nusurika, wote wametoka kwenye Kiarabu, katika maana ya msaada. Kwa hiyo nusura ina habari mbili kwa pamoja: jambo lilikuwa linatokea, na limeepushwa. Ndiyo maana kitenzi kinachoifuata hakibebi wakati uliopita. Ukisema "nusura ziligongana", umesema hazikugongana na zimegongana katika pumzi moja. Sema "nusura zigongane". Wakati utauonyesha kwa neno jingine: jana nusura zigongane, mwaka jana nusura zigongane. Almanusura hufuata utaratibu huohuo. Karibu si mwenzake kamili, kwa sababu karibu huacha mlango wazi: basi lililo karibu kufika litafika. Nusura imeshaufunga mlango.

Na hata ukiipata nusura, tazama ni nani anamgonga nani. Tarehe 4 Februari 2023, huko Austin, Texas, ndege ya mizigo ilikuwa inashuka kwenye ukungu mzito kutua kwenye ranwei, yaani barabara ya kurukia na kutulia ndege, ambayo ndege ya abiria ilikuwa imeruhusiwa kurukia. Marubani wa ndege ya mizigo waliiona mbele yao, wakapandisha. Futi 200 hazikufika kati yao. Zote mbili zilikuwa mwendoni, basi "nusura zigongane" inakaa vizuri kabisa. Lakini San Francisco, usiku wa tarehe 7 Julai 2017, ilikuwa habari nyingine. Ranwei moja kati ya mbili zilizo sambamba ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Ndege aina ya Airbus A320 kutoka Toronto ikaja ikiwa imelenga kiungio, ile njia ambayo ndege hupita kwa magurudumu kwenda ranwei, na humo ndege nne zilikuwa zimepanga foleni zikingoja kuruka. Rubani mmoja aliyekuwa kwenye foleni akauliza redioni huyu anakwenda wapi. A320 ilishuka mpaka karibu futi 60, mita 18 hivi, ndipo ikapanda. Mkia wa mojawapo ya zile zilizosimama ulikuwa na urefu wa kama mita 17 kutoka ardhini.

Hapo kugongana hakufai. Kugongana ni kwa pande mbili, na zile nne zilikuwa zimetulia zimefunga breki. Kiswahili cha barabarani kina neno lake: basi linaparamia lori lililoegeshwa. Andika "nusura iparamie ndege nne", na msikilizaji ataiona picha hata kama hajawahi kupanda ndege.

Kosa linaloniuma zaidi ni hilo la mwisho kwenye sentensi yako, maana limewahi kunipata mwenyewe. Ndugu yangu alinitumia ujumbe: "Mjomba amenusurika ajali." Nikashusha pumzi, nikaendelea na chai yangu. Nilivyoelewa, basi lake lilitaka kupinduka halikupinduka. Jioni ndipo nikajua lilipinduka kweli, na mjomba yuko wodini, mkono umefungwa, analalamika kwamba hakuna hata mmoja aliyempigia simu. Ndugu yangu alitakiwa kuandika "amenusurika katika ajali". Aliyenusurika ajali, ajali haikutokea. Aliyenusurika katika ajali, ilitokea na yeye akatoka hai. Katika Nairobi, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria na ndege ndogo ya mafunzo ziligongana juu ya mbuga iliyo kando ya jiji. Wawili waliokuwa kwenye ndege ndogo walifariki. Kubwa ilirudi uwanja wa ndege wa Wilson ikatua. Abiria wake walinusurika katika ajali. Wa Austin walinusurika ajali. Wewe umewapa abiria wako ajali ambayo haikuwapo, na nadhani hapo ndipo kalamu ya mhariri ilipokasirika.

Hukuuliza, lakini utalihitaji: rubani anayeacha kutua akapaa tena ameghairi kutua. Wengi huandika "ameahirisha", kana kwamba atarudi wiki ijayo.

Basi iandike hivi: "Ndege mbili zilizokuwa zikija kutua nusura zigongane, abiria wote wako salama." Na kama taarifa uliyopokea inataja umbali peke yake, bila kusema kwamba kulikuwa na hatari ya kugongana, nusura nayo iondoe.