Kujua badiliko limo katika toleo lipi
Ndugu, ukitaka kujua badiliko fulani la kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux liliingia katika toleo lipi, tumia Git, programu inayotunza historia ya msimbo: vuta kwanza lebo zote (alama za matoleo), kisha andika git describe --contains ukifuatisha namba ya komiti (rekodi ya badiliko hilo); ukijibiwa v6.1-rc1~45^2~3, basi liliingia wakati 6.1 ikiandaliwa, maana rc1 ni toleo lake la kwanza la majaribio. Amri ya git tag --contains nayo huorodhesha kila lebo yenye badiliko hilo, orodha ndefu ya kuchosha. Jihadhari na matawi ya muda mrefu (matoleo ya zamani yanayoendelea kurekebishwa) kama 5.15, kwa kuwa huko badiliko hunakiliwa na kupewa namba mpya, hivyo amri hizo hazitaliona. Humo itafute namba ya awali kwa git log --grep, maana watunzaji huiandika mwanzoni mwa maelezo ya komiti.