Kabla hujamnunulia mtoto jezi ya timu ya hoki, uliza uwanja ni wa nani

Krismasi ya 2022 nilimnunulia dogo jezi ya Winnipeg Ice, timu ya hoki ya barafu ya huku kwetu Winnipeg, nikachukua saizi kubwa makusudi, si mnatujua, kama sweta la shule vile, avae miaka mitatu. Haikufika miezi saba timu ikauzwa ikaenda zake Marekani na jezi bado inampwaya. Alilia yule mtoto jamani, na mimi mtu mzima nikawa sina cha kumwambia sababu hata mwenyewe sikuelewa imekuwaje.

Kwa ambao hamuijui hoki ya vijana huku Kanada: ni madogo wa miaka 16 mpaka 20, wengi wako mbali na kwao wanakaa na familia za wenyeji, wanasafiri na basi usiku kucha kwenye baridi, na kila mmoja anaiota NHL, ligi kubwa ya wakubwa. Ligi ya huku magharibi ni WHL. Hela ya televisheni ya maana hakuna, timu inakula mlangoni, yaani tiketi, chipsi na soda, mabango ya wafanyabiashara wa hapo mjini, basi. Sasa timu ikihama utasikia watu "aah ilikuwa inafungwa, mashabiki wakachoka". Mi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Haya, msimu wa 2022/23 Ice walishinda mechi 57 kati ya 68. Hamsini na saba! Ligi nzima hakuna aliyewafikia. Kulikuwa na Matthew Savoie, Conor Geekie, na kale kadogo Zach Benson ambako Buffalo wa NHL walikuja kukabeba namba 13 kwenye drafti, ile siku timu za NHL zinachagua vijana kwa zamu. Wakafika fainali wakapigwa na Seattle mechi 4 kwa 1, hiyo Mei. Juni timu imeuzwa inaenda Wenatchee, jimbo la Washington. Timu bora kuliko zote, af hiyoo.

Shida ilikuwa uwanja. Walikuwa wanachezea kwenye uwanja wa chuo kikuu, Wayne Fleming Arena, ukijaa kabisa ni watu 1,600 hivi. Sasa piga hesabu mwenyewe, ujaze kila mechi, ulipe basi, hoteli, makocha, vifaa (gongo moja tu la hoki bei yake usiulize), haitoki. Na jiji lenyewe lina Jets wa NHL, lina Moose timu yao ya chini, kampuni zenye hela ya mabango zishakamatwa huko. Mpango ulikuwa Ice wajenge uwanja wao mkubwa, haukujengwa. Wenatchee uwanja upo tayari, unaingiza zaidi ya watu 4,000.

Na kumbe hata sisi tuliipata kwa kilio cha wenzetu. Hii timu ilikuwa Kootenay Ice, ya Cranbrook, mji wa watu kama 20,000 kule kwenye milima ya British Columbia, ilitua pale 1998 ikitokea Edmonton. Ikachukua ubingwa wa ligi 2000, 2002 na 2011, na hiyo 2002 ikabeba na Memorial Cup, ambayo ndo kombe kubwa la vijana Kanada nzima. Sam Reinhart, aliyekuja kucheza NHL, katokea pale. Miaka ya mwisho timu ikawa mbovu kweli na viti vinabaki wazi, sikatai, lakini 2017 ilishauzwa kwa watu wa Winnipeg, na Januari 2019 ikatangazwa inahama. Wenyeji walikuwa wamejitolea kuzunguka wanauza tiketi za msimu, ila ukijiuliza mmiliki anaishi wapi unapata jibu mapema tu.

Usiniambie mji mdogo. Swift Current, Saskatchewan, ni mdogo kuliko Cranbrook na timu yao ipo. Waliwahi kuipoteza 1974 ikaenda Lethbridge, wakairudisha 1986, na sasa ni ya jamii, hakuna tajiri wa kuamka asubuhi akaiuza. Moose Jaw hivyo hivyo, Prince Albert hivyo hivyo. Af wote hao wamechukua ubingwa wa WHL juzi juzi tu, Swift Current 2018, Prince Albert 2019, Moose Jaw 2024. Hii mbona sisi tunaijua, muulize mtu wa Mbarali timu yao ya mpira, Ihefu, iko wapi leo atakwambia iko Singida inaitwa Singida Black Stars. Simba na Yanga pamoja na vurugu zao zote, nani atathubutu kuzitoa Kariakoo?

Kwa hiyo wazazi wenzangu mlioko huku, mtoto akianza kuipenda timu usiangalie msimamo wa ligi kwanza. Angalia mmiliki kwake ni wapi, uwanja ni wa nani na mkataba wake unaisha lini, haya mambo yanaandikwa kwenye magazeti ya mji na vikao vya halmashauri, siyo siri. Ukisikia miaka miwili mitatu mfululizo "uwanja mpya unakuja", usilipie chochote cha muda mrefu, nunua tiketi ya mechi moja moja ufurahi urudi nyumbani. Na kama mji wako bado una timu na unaitaka, nenda Oktoba wakati hakuna mtu, siyo ile wiki ya kuagana ambapo kila mtu anajifanya shabiki tangu kuzaliwa. Mimi mwenyewe msimu ule wote nilienda mara nne, naishi dakika kumi na tano kutoka pale, sasa nalalamika nini?

Cranbrook saa hizi wana Bucks, wako BCHL, ligi nyingine ya vijana, siyo WHL ila barafu ni ile ile na watoto wana pa kwenda Ijumaa. Sisi huku dogo kaanza tena, anataka nimpeleke Brandon akawaone Wheat Kings, kilomita mia mbili na ushee kwenda tu. Tutaenda. Ila jezi nimemwambia anunue kwa hela yake, na saizi inayomtosha.