Shangazi, nimefunguliwa lakini bado naogopa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nauza mahamri na mbaazi huku Kisauni, Mombasa. Kwa miaka saba nilikuwa kwa nabii mmoja. Nilinunua mafuta, chumvi, na kitambaa chekundu cha kufunga mlangoni, na kila mwezi nikatoa sadaka ya kufunguliwa. Tuliambiwa anayetoka anatoka na laana. Mwaka jana nilitoka. Sasa nasali kanisa dogo, Biblia naisoma mwenyewe, na usiku nalala usingizi. Mwezi huu ni zamu yangu kwenye chama, nitapata 40,000. Nataka kuzitoa zote ziwe shukrani, maana nikishukuru kidogo Mungu huenda akaninyang'anya amani hii. Lakini hizo ndizo karo ya kijana wangu. Nifanyeje?*
*Mama Mahamri*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama hapo uliposema unalala usingizi. Aliyewahi kukesha akihesabu nani kamfunga ndiye anayejua uzito wa maneno hayo. Mungu ashukuriwe kwa usingizi huo.

Pesa lipa karo. Nalisema mapema, lisikupotee katikati ya maneno yangu mengi.

Wewe ukienda mjini unapita Kengeleni, penye ile kengele ya kale. Kengele ile ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na ilipigwa kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Kwa hiyo ukisoma Wagalatia 5:1, soma kama mtu wa hapa: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Kongwa ni mti wenye panda waliofungwa watumwa shingoni njiani. Na kumwandika mtu huru ni kumpa hati kwamba hana bwana tena.

Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, karibu na Mombasa, zaidi ya watumwa elfu moja waliokuwa wamekimbilia misheni walipewa hati zao. Mabwana walilipwa fidia na kampuni ya Waingereza. Waliopewa hati hawakutoa kitu. Sasa niwazie mama mmoja wa siku ile, karatasi kaikunja kwenye upindo wa leso, halafu kila mwisho wa mwezi anarudi kwa yule yule bwana na kibaba cha mahindi, asije akamgeuka. Si tungemlilia? Basi ndivyo ninavyokuona na hiyo 40,000. Madhabahu ni mapya, ndiyo, lakini hofu inayokutuma umeibeba kutoka kule kule. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu. Mungu uliyemkuta ukisoma mwenyewe si yule uliyekuwa ukiuziwa kwa chupa.

Na laana waliyokutishia nayo? Soma Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa katika laana, kisha ulale.

Shukrani nayo ni haki yako, sikuzuii. Katika wale wakoma kumi, mmoja alirudi kwa Yesu akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Hakuja na mfuko. Jumapili simama useme hayo uliyoniandikia, hata sauti ikitetemeka. Ukitaka kutoa, toa kile ambacho ungetoa hata kama hakuna wa kukuogopesha, iwe mia mbili, iwe beseni la mahamri kwa watoto wa Sunday school.

Lakini kuna shukrani moja naitamani kwako kuliko zote. Wenzako waliobaki kule wanapita kibandani kwako asubuhi, najua, kwa sababu chai haina nabii. Usiwacheke, wala usiwahubirie. Mmoja akikaa kwenye benchi, mwekee mbaazi, muulize analalaje siku hizi, kisha nyamaza umsikilize. Wewe ulisubiri miaka saba mtu akuulize hivyo.

Jambo jingine. Kitambaa chekundu umekitaja kukinunua, hukusema kama umekitoa mlangoni. Kama bado kipo, kifungue leo kijana wako akiona, ukifue, ukianike juani. Kikikauka kitafaa kufunikia beseni.