Maswali ya Wasomaji: Mimea ya Ofisini Inanyauka, na Maji Inapata

SWALI: Tuliweka vyungu saba vya mimea ofisini. Kila Jumatatu inamwagiliwa, na wengine humimina humo chai iliyobaki. Sasa majani ya chini yamekuwa ya manjano, shina moja limelegea, na vijidudu vyeusi vinaruka juu ya udongo. Tuongeze mbolea?

JIBU: Mbolea iacheni. Maji ndiyo yanayoiua mimea hiyo. Mizizi huhitaji hewa pia. Udongo ukilowa muda wote, hewa hukosa pa kupita na mizizi huoza. Mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi kunywa, kwa hiyo hunyauka huku udongo umelowa, na mwenye huruma akiuona huuongezea maji! Hata hao vijidudu huzaliana kwenye udongo wenye unyevu juu.

Ng'oeni ule uliolegea shina, mtazame mizizi. Iliyo mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, tena imekaza. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na inanuka. Kateni iliyooza kwa kisu safi, mpande upya kwa sehemu 2 za udongo, 1 ya mboji iliyoiva na 1 ya mchanga wa chembe kubwa. Chungu kiwe na matundu, na kisizidi upana wa mizizi kwa zaidi ya sentimita 5, maana kikiwa kikubwa mno udongo wa pembeni hukaa na maji yasiyonyonywa. Kutandaza kokoto chini hakufidii ukosefu wa matundu: maji hutuama juu ya kokoto, yakasogea karibu zaidi na mizizi.

Kalenda ya Jumatatu iondoeni. Ingizeni kidole sentimita 3 hadi 5. Kikikuta unyevu, subirini. Kikikuta pakavu, mwagilieni mpaka maji yatoke chini, na baada ya nusu saa mmwage yaliyobaki kwenye kisahani. Sansevieria, mmea wa majani marefu yanayosimama wima, huweka maji kwenye majani yake manene, kwa hiyo udongo wake ukauke kabisa kwanza. Penye mwanga hafifu huweza kukaa wiki 3 bila maji. Kazi hii apewe mtu mmoja. Chai isimwagwe humo kamwe. Juu ya udongo pakikaa pakavu, mabuu ya wale vijidudu hufa.

Kagueni mwanga pia. Saa sita mchana, nyosheni mkono sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe mahali chungu kilipo. Kivuli kisipoonekana, hapo pataka taa ya mimea, saa 10 hadi 12 kwa siku. Ncha za majani zikikauka, sogezeni chungu mbali na upepo wa kiyoyozi.

SWALI: Mimea hii itatusafishia hewa?

JIBU: Kwa kiasi kidogo mno. Imani hiyo ilienezwa na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya 1989, yaliyofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Uchambuzi wa 2019 ulikadiria kwamba ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kulingana na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida kwenye jengo. Fungueni madirisha.